Yai la Bata Chumbani kwa Mkwe

Mama mkwe wangu aliposhuka kutoka Vugiri milimani kuja kumhudumia mwanawe aliyejifungua, alikuja na kuku mmoja wa kuchinja na kikapu cha mayai ya bata. Mayai alikuwa ameyafukia kwenye pumba za mahindi, na kikapu alikipakata njia nzima mpaka Korogwe, hakukubali konda akiguse. Kuku alikuwa wa supu ya mzazi. Lakini tulipomfungua kamba miguuni alijikunyata pembeni, manyoya yamemsimama, akitutolea sauti ya hasira. Alikuwa anataka kulalia. Kuku wa hali hiyo hata nyama hana, kwa hiyo mama mkwe akaona bora ampe mayai kuliko kumtia sufuriani.

Mayai yale ndiyo yalikuwa mabaki ya mifugo yake. Mbwa wa jirani waliingia bandani wakawamaliza bata wote, na yeye ni mjane anayeishi kwa bata wake kuliko kwa mahindi. Akirudi kwake mikono mitupu, hana pa kuanzia. Haya yote niliambiwa na mke wangu, maana mimi na mama mkwe hatukuwa watu wa kuzungumza.

Hapakuwa na ugomvi. Ni adabu tu. Nimezaliwa Handeni, mtoto wa mwanamume ambaye akikutana na mama mkwe wake njiani alikuwa anaacha njia na kuingia vichakani mpaka bibi apite, na sisi watoto tuliona hilo ni jambo la kujivunia. Nilifundishwa kwamba mwanamume mwenye soni hali mbele ya mkwe, hamtazami usoni, na chumba anacholala mkwe ni kama hakimo ndani ya nyumba. Vijana wa siku hizi wanapiga picha wamekumbatiana na wakwe zao wanazirusha kwenye simu. Mimi sijafika huko na sikuwa na mpango wa kufika. Kila asubuhi nilisimama barazani, macho nimeyaelekeza kwenye karakana yangu ya useremala, nikasema shikamoo mama. Yeye akaitikia marahaba baba kutoka nyuma ya pazia la chumba chake mwisho wa korido. Siku yetu ikawa imekwisha.

Nilipenda jinsi majirani walivyonisifu kwa hilo. Nilikuwa nasikia wakisema fundi ana heshima, na randa mkononi mwangu ilikuwa inateleza vizuri zaidi siku hiyo.

Kuku aliwekwa humohumo chumbani kwa mama, kwenye beseni, kwa sababu nje nguchiro wamezidi. Na hapo ndipo kimbelembele changu kilipoanza. Siku chache baadaye nilimwambia mke wangu ampelekee mama ujumbe: kuku mzima anawezaje kulalia viyai vichache hivyo, si tuongeze na ya kuku, tupate na vifaranga. Upande wetu wa Handeni maji yenyewe ni ya kugombea, bata hatufugi. Nilidhani yai ni yai.

Mama mkwe alijua vizuri kwamba bata hukaa kwenye yai muda mrefu kuliko kifaranga. Alimwambia mwanawe kwamba kuku atatotoa wake mapema, aondoke nao, awaache hao wengine ndani ya maganda. Mke wangu akamjibu basi tumwambie. Mama akasema yeye hawezi kumbishia mkwe ndani ya nyumba ya mkwe. Mayai ya kuku yakaongezwa. Mimi nilikuwa huko karakana nikijiona mtaalamu wa mifugo.

Mambo yakaenda kama alivyosema. Vifaranga wakatoka, wakaanza kupigapiga kelele, na kuku akawa hatulii tena. Alivumilia kidogo, kisha akatoka na watoto wake uani kuchakura, akawa harudi kwenye beseni. Mama mkwe akayachukua mayai ya bata akawa anayalea yeye mwenyewe, kwa chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitenge, na usiku kwa mwili wake. Yaliharibika moja baada ya jingine. Mke wangu aliyatupa jalalani huku ameziba pua. Likabaki moja.

Kuna neno jingine ambalo mke wangu alikuwa ananiambia siku hizohizo, nalo nalisema hapa kwa sababu bila hilo habari hii haina maana. Alinikumbusha kwamba kitanda cha kule chumbani chaga zake hazifai. Alinikumbusha kabla mama hajaja, nikasema nitazibadilisha. Alinikumbusha tena mama alipokwisha kufika, nami nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyeonewa, nitaingiaje chumbani kwa mama mkwe, wewe mwenyewe hujui mila? Nilijipongeza kwa jibu lile. Nilikuwa na oda ya kitanda cha mtiki cha mteja mmoja wa Hale, futi sita kwa sita, nakshi mpaka miguuni, na sikutaka kupotezewa muda.

Siku ya kliniki ya mtoto, mke wangu na mama yake walitoka asubuhi kwa bajaji. Kabla ya kuondoka mke wangu alinieleza kwamba yai limeanza kudonolewa kwa ndani tangu jana yake, mama ameliacha kwenye beseni lenye maranda, chupa ya moto ipo pembeni, wakirudi ataliangalia. Nikasema sawa. Nyumba ikabaki na mimi peke yangu.

Nilikuwa napiga msasa ubao wa kichwani wa kile kitanda niliposikia kilio. Kwanza nilidhani ni kifaranga kapotea. Nikasimamisha mkono. Sauti ilikuwa inatoka dirisha la chumba cha mama, nyembamba, inaita, inanyamaza, inaita tena. Nikarudia kazi. Nikajiambia mtoto wa bata kulia ni kawaida yake, anatafuta njia ya kutoka. Lakini kila nilipoondoa msasa kwenye ubao nilimsikia, na kila mara alikuwa amepungua nguvu.

Nikaingia ndani mpaka kwenye korido. Mlango ulikuwa wazi, wameuacha kuku na vifaranga wake wapate kuingia, pazia tu ndilo limeshuka. Nikasimama mbele ya pazia kama mtu aliyekuja kudai. Nikampigia mke wangu simu, nayo ikaita palepale sebuleni, ameisahau kwenye chaji. Nikatoka nje kumwita jirani mwanamke aje aingie kwa niaba yangu, mlango wake una kufuli, kaenda sokoni. Nikarudi kwenye korido. Chupa ya moto bila shaka ilikuwa imekwisha kupoa. Ndege yule akaita, sauti ikakatika katikati.

Mtu mwingine angeingia. Nalijua hilo, na nililijua hata wakati ule. Lakini mimi nilikuwa nafikiria jinsi nitakavyoonekana: mwanamume mzima ndani ya chumba cha mkwe, nguo zake zimetundikwa, na kisingizio changu ni bata. Nilisimama pale muda wa kutosha kuchemsha chai na kuinywa, bata anakufa, na mimi nalinda jina langu. Halafu nikapata wazo ambalo mpaka leo linanichoma. Nilikwenda karakana nikachukua papi ndefu, ubao mwembamba, nikagongomea msumari mwishoni nikaupinda uwe ndoano, nikarudi, nikaipenyeza chini ya pazia huku nimegeuza uso pembeni. Nilitaka kulivuta beseni mpaka mlangoni bila kuingia. Nikalipapasa, nikalinasa ukingo, nikavuta.

Beseni likapinduka. Nilisikia maranda yakimwagika, halafu yai likibingirika taratibu juu ya saruji, likaenda likagota kitu. Kilio kikakoma.

Nikaingia. Sikukumbuka hata kuvua kandambili. Yai sikuliona sakafuni, kwa hiyo lilikuwa limekwenda chini ya kitanda, nami nikapiga magoti nikaingiza kichwa uvunguni.

Mimi ni fundi wa vitanda. Ukinionyesha kitanda kwa chini nakusomea maisha yake. Kile hakikuwa na maisha yoyote. Chaga tatu zilikuwa zimekatika katikati, nyingine zimefungwa kwa kamba ya katani, kwa mafundo ya mkono wa mwanamke mzee. Tendegu moja lilikuwa limepasuka, limeegemezwa kwenye tofali. Kulikuwa na shimo ambalo mtu akilala juu yake angezama mpaka mgongo uguse saruji. Na pembeni, kati ya kitanda na ukuta, umetandikwa mkeka, juu yake gunia lililopasuliwa na khanga iliyokunjwa mahali pa mto. Mama mkwe wangu alikuwa analala chini. Mwanamke aliyetoka mlimani kumkanda mke wangu kwa maji ya moto na kumbeba mtoto wangu usiku ili mama yake apate kulala, alikuwa analala kwenye saruji ndani ya nyumba ya seremala.

Nilijisikia uso unawaka kama nimezabwa kofi. Adabu yangu yote, yale macho ya kutazama pembeni, zile sifa za majirani, nilivyojibu kuhusu mila. Sikuwa nimeogopa kuingia chumba kile kwa heshima. Nilikuwa mvivu, nikauvika uvivu wangu kanzu.

Yai lilikuwa limegota kwenye lile tofali. Nililitoa kwa vidole viwili. Upande uliodonolewa ganda lilikuwa limevunjika zaidi, na ndani yake nikaona mdomo, bapa, mdogo kama kucha, unafunguka bila sauti. Utando wa ndani ulikuwa umekauka, mweupe kama karatasi, umemganda usoni.

Sasa ndipo nilipokuwa sijui la kufanya kwelikweli. Mkono wangu ulitaka kumbandua mara moja. Mkono wa fundi haupendi kuona kitu kimekwama. Nikaanza, nikachomoa kipande cha ganda, nikavuta utando kidogo, na pale nilipovuta ikatokea damu, mstari mwembamba. Nikaacha. Nilijua angalau hilo, kwamba chenye damu bado kimeshikana na mwili wake na hakijawa tayari. Lakini nikimwacha hivi alivyo, ubaridi utammaliza. Nimsaidie nimtoe damu au nimwache apoe? Na nimpeleke wapi, jiko lenyewe limezimwa? Nikaketi hapohapo kwenye mkeka wa mama mkwe, nikafungua vifungo vya shati, nikaliweka yai kifuani chini ya kwapa na kulifunika kwa mkono. Nilitemea mate kidoleni nikalainisha utando. Nikangoja. Baada ya kitambo alisogea. Nilimsikia kwenye mbavu zangu kabla sijamsikia kwa masikio.

Hivyo ndivyo walivyonikuta.

Mama mkwe alitangulia, akafungua pazia. Tulitazamana. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumwona macho yake, nikayaona siku hiyo nikiwa nimekaa kwenye malazi yake, kifua wazi, maranda kila mahali, na ile papi yenye ndoano imelala mlangoni. Alivuta khanga usoni akarudi nyuma. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilitaka kuinuka nikimbie, na nilikuwa nimekwisha kuegemea mkono mmoja nilipomsikia akisema na mimi, mimi mwenyewe, bila kupitia kwa mtu.

"Baba, usiinuke. Ukimtoa hapo penye joto atakufa."

Nikasema shikamoo mama. Ndicho kitu pekee kilichonijia.

"Marahaba. Kaa hivyohivyo."

Akaketi nje ya pazia, kwenye sakafu ya korido, mgongo ukutani. Mke wangu alichungulia na mtoto begani, akatazama mkeka, akanitazama mimi, akaelewa kwamba nimeona. Alileta kikombe cha maji ya uvuguvugu na kitambaa, akakiweka karibu yangu, akaenda zake. Baadaye walikuja wageni kuona mtoto, na nilimsikia akiulizwa baba yuko wapi, akajibu baba analalia. Walicheka sana sebuleni. Nilistahili.

Tulikaa hivyo, mimi ndani, mama nje, pazia katikati. Alikuwa ananielekeza kwa maneno machache, lowanisha, acha, usivute, ngoja apumzike. Damu ilikuwa imekauka. Kati ya maelekezo palikuwa na ukimya mrefu, na ukimya ule ulikuwa unanitesa kwa sababu nilijua lazima niseme kitu kuhusu kitanda. Nilianza mara mbili nikashindwa. Nadhani alisikia ninavyohangaika. Alitaka kunirahisishia, mtu mwema anavyomrahisishia mgeni aliyemwaga chai, akaanza mazungumzo yeye.

"Mimi nikijilaza mchana hapo ulipo naisikia randa yako, baba. Haipumziki. Namwambia mwenzako, watu wa Korogwe wanalala pazuri kwa mkono wa mkwe wangu."

Alisema kwa kunisifu. Hakukuwa na kijembe. Vijembe navijua, nimekulia kati ya shangazi zangu, na ninaweza kukinusa kikiwa bado mlango wa nje. Yule mama alikuwa ananisifia kazi kwa moyo mweupe, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia lake. Nikainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa yai. Nikasema, mama, nisamehe. Akauliza, kwa lipi, huyo si yuko hai? Nikachovya kidole majini nikaendelea kulainisha utando.

Bata alitoka alasiri, kifuani mwangu, kwa kusukuma mwenyewe. Alikuwa amelowa, mbaya wa sura, mguu mmoja umekaa upande kwa sababu ya ile safari ya kubingirika. Nilimweka kwenye kitambaa nikampitisha chini ya pazia, na mkono wa mama ukampokea.

Jioni hiyohiyo nilimpigia mteja wa Hale nikamwambia kitanda chake kitachelewa. Alifoka, nikamwacha afoke. Kitanda kilikuwa kimebaki kupigwa vanishi tu. Mama alipokuwa uani nilikiingiza chumbani na kukifunga mwenyewe, nikang'oa kile cha zamani nikakipasua kuni, nikanunua na godoro jipya. Mama alituma ahsante kupitia mke wangu. Nililala usingizi mzuri. Nilidhani nimeshalipa.

Kuku alipopelekewa yule mtoto wa bata alimdonoa akamfukuza. Alikuwa na vifaranga wake, wale waliotokana na ushauri wangu, na mwenye mdomo bapa hakumtaka. Kwa hiyo mama alimlea mwenyewe kwenye boksi la viatu, akamfunga ule mguu kwa uzi wa sufu, akamlisha kiini cha yai kwa ncha ya kidole. Nilikuwa nasikia kutoka karakana jinsi anavyolia akiachwa na kunyamaza akishikwa. Nilimuuliza mke wangu kama mama analala vizuri sasa. Alisema analala. Hakuniambia zaidi na mimi sikuuliza zaidi, nilikuwa nimeridhika na jibu.

Arobaini ilipokwisha, mama alipanda gari la Vugiri na bata wake kikapuni, anachechemea lakini amenenepa. Nilimsindikiza mpaka stendi, nikatembea nyuma yake kwa mbali, nimembebea mzigo. Aliniaga kwa kutazama pembeni kama zamani, na mimi nikaitikia kwa kutazama pembeni.

Niliporudi nilimkuta mke wangu anafagia chumba. Aliniita. Alisema yule bata alikuwa hatulii mpaka mkono wa mtu uwe ndani ya boksi, na juu ya kitanda mama angeweza kulipindua boksi akigeuka usingizini, ndiyo maana ilibidi aendelee kulala chini naye kila usiku. Mama alikuwa amemkataza asiniambie, nisije nikahuzunika baada ya kazi yote ile. Akasema niingie nilione godoro. Nililiona kutoka mlangoni, bado liko kwenye nailoni yake, utepe wa dukani haujafunguliwa.

Chumba kilikuwa changu tena, hakuna mila ya kunizuia. Nilisimama kwenye korido nikashindwa kuingia.